Kitenge cha Senene za Mwaka Jana

Mwalimu Aroni wa Kamachumu alikuwa mtu wa wivu, na wala simsingizii. Aliwahi kumnunia jogoo wa jirani siku nzima kwa sababu mkewe, Nancy, alisema jogoo yule anawika vizuri. Lakini kwa Mutembei wivu ulikuwa na mizizi. Mutembei alisoma nao, na walipokuwa kidato cha tatu alimwandikia Nancy barua mbili. Siku hizi alikuwa fundi simu Rwamishenye, mjini Bukoba, na alikuwa na blogu iliyosomwa mpaka na Wahaya walioko ng'ambo. Aroni naye aliwahi kuwa na blogu yake, ya habari za migomba na za nyumbani kwake. Miaka mitatu nyuma aliitupa kwa hasira, akisema hakuna anayesoma.

Sasa sikia. Ijumaa moja ya Novemba walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi, Nancy akacheka peke yake na simu.

"Senene zimeanza kuanguka mjini, Hamugembe," akasema. "Mutembei kaandika. Mawe, jamani! Hebu sikia: 'Wako wanaume wanaomaliza senene za wake zao, halafu kitenge hakionekani mwaka mzima.'"

Aroni akashusha kikombe. Kwa Wahaya, mke akikamata senene, wale panzi wa msimu wa mvua, akazinyonyoa mbawa na miguu, akamkaangia mumewe, mume anamshukuru kwa nguo. Msimu uliopita Nancy alijaza ndoo nzima. Aroni alizila zote, na kitenge chenyewe kikabaki "nitaleta Jumamosi". Jambo hilo walilijua watu wawili tu, yeye na mkewe. Mutembei kalijuaje?

"Amekutumia saa ngapi hayo?"

"Hajanitumia. Yanakuja yenyewe. Akiandika tu, nayakuta humu."

"Loo! Maneno ya mwanamume yanakuja yenyewe kwa mke wa mtu?"

"Aroni waitu, tafadhali, kunywa chai isipoe."

Hakuinywa. Shuleni aliwafundisha watoto kugawanya, akakosea jibu mara mbili, nao wakamsahihisha. Aliporudi alasiri, Nancy alikuwa nyuma ya nyumba kibanjani, kwenye migomba, na simu yake ilikuwa mezani inachaji. Aroni aliichukua. Alijua anafanya jambo la aibu, akalifanya. Akafungua ile programu aliyoiona asubuhi. Mstari wa juu kabisa uliandikwa Mutembei, na mbele ya jina palikuwa na tarakimu 3.

Tatu! Zamani barua mbili, leo tatu kwa mpigo! Hakufungua hata moja, wala hakutazama mstari wa chini, maana mwenye wivu akishaona jina moja hana haja ya kusoma zaidi. Akabonyeza "Chagua zote", akabonyeza "Ondoa". Simu ikamuuliza kama ana uhakika. "Sana!" akaijibu kwa sauti, kana kwamba inasikia. Akairudisha mezani ilipokuwa.

Jumamosi alimwambia mkewe anakwenda mjini kufuata chaki. Chaki gani! Alishukia Rwamishenye, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Mutembei, akamkuta kainamia simu iliyovunjika kioo, na mzee Rugaibula kakaa kwenye benchi akisubiri ya kwake.

"Una nini na mke wangu?"

Mutembei alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka bisibisi chini.

"Sina hata namba ya mkeo, Aroni. Nani kakwambia?"

"Unamwandikia. Tatu kwa siku. Mwenyewe anasema yanakuja yenyewe."

"Ahaa! Nancy anatumia RSS. Lete simu yako." Akafungua blogu yake humo, akamwonyesha alama ndogo ya rangi ya chungwa pembeni. "Unanakili anwani hii, unaibandika kwenye programu ya kusomea. Umemaliza. Kuanzia hapo programu yenyewe ndiyo inapita kwangu kuchungulia kama nimeandika jipya. Ikikuta, inamletea mwenye simu. Hiyo tatu ni makala ambazo hajazifungua. Mimi sijui nani anasoma, wala siwezi kumtumia mmoja nikamwacha mwingine."

Aroni alihisi masikio yanawaka. Akabaki na silaha moja tu.

"Na ya kitenge nani alikwambia?"

Mutembei akainamisha kichwa. "Nilijisema mwenyewe. Mke wangu Judica ananidai vitenge vya misimu miwili."

Mzee Rugaibula akakohoa kwenye benchi. "Mimi sikumbuki mara ya mwisho," akasema.

Hasira hasara, na hasara ya Aroni ilikuwa nauli na heshima. Alipoaga, Mutembei alimfuata mpaka barabarani. "Ujue nilianza kuandika kwa kukuonea wivu wewe," akamwambia. "Ulipoacha nilifurahi, Mungu anisamehe." Aroni akampa mkono. Alipita sokoni, akachagua kitenge cha bluu chenye maua ya njano, akarudi nyumbani akitunga maneno ya kumpa mkewe.

Alimkuta Nancy jikoni, ndizi hazijamenywa, simu mkononi, macho mekundu.

"Nani kafuta?"

Alitaka kuisingizia simu, ulimi ukakataa. Akaeleza yote, tangu mezani mpaka kibandani, kisha akanyoosha kitenge. "Mutembei namrudisha mimi mwenyewe, nimefundishwa. Nisamehe, mke wangu."

Nancy hakukipokea.

"Mutembei ni mtu wa kubandika anwani tu, anarudi. Humu ndani mlikuwa na watu wawili, Aroni. Wa pili ulimwona?"

"Sikuangalia."

"Ulikuwa wewe."

Aroni akakiweka kitenge juu ya kiti, akaketi kwenye kigoda.

"Miaka mitatu," Nancy akasema. "Kila asubuhi naanza na mstari wako. Hakuna kitu. Nikishakosa kwako ndipo nasoma ya Mutembei, nifanyeje? Uliniambia hakuna anayesoma, na mimi hukuniuliza. Jana umejifuta kwa mkono wako."

Akaanza kuandika anwani ya blogu ile, herufi kwa herufi, bila kuuliza. Mwenye blogu mwenyewe alikuwa ameshaisahau. Alipomaliza aliondoka jikoni, na kitenge kikabaki juu ya kiti.

Jumapili baada ya ibada, Aroni alimrudisha Mutembei kwenye simu ya mkewe kama alivyoahidi, kisha akaketi kibanjani na simu yake mpaka jua likapungua. Aliandika habari za mtu wa Kamachumu aliyekula ndoo nzima ya senene asitoe shukrani, akaonea wivu kila jina, asiuone uvivu wake. Hakumficha mtu huyo, alimtaja jina. Akaandika kichwa cha habari, akachapisha.

Asubuhi ya Jumatatu walikuwa mezani. Nancy akafungua programu yake. Aroni, kwa tabia yake ileile, akanyoosha shingo achungulie. Mutembei, 2. Chini yake Aroni, 1.

 Akakitazama kidole cha mkewe kama anasubiri matokeo ya mtihani. Kidole kikalipita jina la juu, kikagusa la chini.

Nancy alisoma mpaka mwisho, hakucheka. Kisha akainuka, akakichukua kitenge kilichokuwa juu ya kiti tangu Jumamosi, akajifunga.