Mtoa Pole wa Ghorofa ya Tatu

Binti alisukuma mlango kwa kiwiko, maana kitasa kilikuwa cha plastiki na kile cha kwanza alishakiyeyusha. Akaweka mkoba wa kompyuta chini, akasimama katikati ya sebule akingoja, mikono ameitenga na mwili. Mama yake aliacha nguo za mtoto alizokuwa akizikunja, akamtazama usoni.

"Pole na kazi, mwanangu."

"Asante, mama. Nimeshapoa."

Na kweli akapoa. Joto lilimtoka kuanzia utosini hadi nyayoni, vioo vya dirisha vikaingia ukungu, na sasa angeweza kumbeba mwanawe. Lakini mtoto alikuwa amelala, kama jana na juzi. Asubuhi binti aliondoka kabla hajaamka. Hilo ndilo lililomkera mama, kwamba mjukuu wake ambaye bado hajaanza kusema alikuwa akimjua mama yake kwa harufu ya blauzi tu.

Binti na wenzake walikuwa wakiandika programu za kompyuta. Kila aliyebaki ofisini baada ya saa za kazi alipata joto, na waliobaki walikuwa wote. Mkuu wa timu walimwita Kidogo-Tu, kwa kuwa haikupita jioni bila yeye kusema, "Ni kidogo tu, tumalizie." Hakuwa mtu mbaya. Feni ya ofisini aliitoa nyumbani kwake. Shida ilikuwa mfumo wa kurekodi saa, ambao waliuandika wao wenyewe kwa maagizo kutoka juu. Ulikubali saa nane kwa siku basi. Ukijaza zaidi, ulikuomba kwa adabu urekebishe kosa lako. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuchelewa kutoka.

Joto halikujua habari za mfumo. Kibodi ya binti ilikuwa imelegea upande wa herufi zinazotumika sana, na jirani yake wa meza alishika kikombe cha chai kiganjani ili isipoe. Ofisi ikafunga kipimajoto kwenye kila kiti, na jioni namba zilionyeshwa ukutani. Kidogo-Tu alizisoma kwa huruma ya kweli.

"Jamani, mnachemka," alisema. "Afya zenu kwanza. Tumalizie hii, ni kidogo tu."

Walijaribu kupeana pole wao kwa wao, ila hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye skrini wakati wa kuitoa, na pole za namna hiyo hazikushika. Wakaunda programu ya kusema "pole na kazi" kwa sauti nyororo ya kike. Namba zikapanda kidogo. Ndipo Kidogo-Tu akamuuliza binti ilikuwaje kila asubuhi anakuja amepoa kama maji ya mtungini.

"Mama yangu hunipa pole."

"Kwani sisi hatuna mama?" alisema jirani yake.

"Wako anaacha anachokifanya?"

Jirani akafikiri, akarudi kwenye kazi yake.

Jumapili Kidogo-Tu alifika nyumbani kwa kina binti, akavua viatu mlangoni, akaeleza haja yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa baba, si umwache tu arudi mapema?"

Kidogo-Tu alilitafakari swali hilo kwa makini, ikaonekana ni mara yake ya kwanza kulisikia.

"Mama, hilo liko juu ya uwezo wangu. Ila kiti naweza kukupa."

"Na mjukuu wangu?"

"Aje naye. Kochi lipo."

Hivyo mama akawa mtoa pole wa ghorofa ya tatu. Alikaa kwenye kochi akifuma vitambaa. Namba ya mtu ikipanda ukutani, aliweka kitambaa chini, akamwendea, akamtazama usoni, akampa pole yake. Mtu alipoa, madirisha yakaingia ukungu, kazi ikaendelea. Mtoto alitambaa chini ya meza ya binti, na binti alimnyanyua kila alipotaka. Asije mtu akasema binti hakufurahi. Alifurahi mno, hata akanenepa. Kwa vile namba zilikuwa nzuri, kazi moja ikiisha waliletewa mbili. Mswaki wa mtoto uliwekwa kwenye sinki la ofisi, na nguo zake za kulalia zikapata droo.

Jioni moja mama alimaliza kuzungukia meza zote, akakaa. Mara akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ulikuwa mto wa kochi, upande alioegemea. Akajigusa shingo, akauondoa mkono upesi.

"Nami nimeshika moto," alisema.

"Pole, mama," alijibu binti, macho kwenye skrini. Kulikuwa na hitilafu ambayo wateja walikuwa wameshaiona. Pole haikushika.

Mtoto aliacha kifuniko cha chupa alichokuwa akikichezea. Akatambaa hadi kwenye kochi, akajivuta mpaka akasimama, akamkazia bibi yake macho.

"Poe," alisema. "Poe, bibi."

Mama aliinama hadi macho yao yakalingana.

"Asante, mjukuu wangu. Nimeshapoa."

Madirisha yote yakaingia ukungu. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mtoto, na ofisi nzima ilisimama ikapiga makofi. Binti alikuja mbio akambeba, huku analia na kucheka. Kidogo-Tu alipiga makofi kuliko wote. Baadaye alimuuliza binti jina kamili la mtoto linavyoandikwa.

Kesho yake walikuta kitambulisho kipya cha kazi juu ya kochi. Kilikuwa na picha ya mtoto anacheka, na kamba yake ilikuwa imefupishwa isije ikaburuta chini. Mtoto alivishwa, kikampendeza kweli. Jioni mfumo ulimwandikia saa nane.