Moshi wa Chupa ya Tatu

Ebenyo, rafiki yake Lokaale, alikuwa amepanga mezani chupa tatu za wiski ya Skoti waonje na kulinganisha, huku upepo wa ziwa ukivuma Eliye Springs. Lakini Lokaale alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Ya kwanza ilikuwa na utamu wa asali. Akaimeza bila hata kuisikilizia ladha. Ya pili ikamkereketa koo; akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Kaa basi! Mbuzi wako wamepotea?"

Mbuzi gani? Mifugo yote aliyoachiwa na baba aliiuza, akanunua gari, akahamia Lodwar.

Aliponusa ya tatu, moyo ukampiga paa. Harufu ya moshi! Uleule ambao mama yake alifukizia vibuyu ili maziwa yanukie.

Usiku hakupata usingizi. Kulipokucha aliibeba chupa hiyo, akaendesha mpaka kwa mama, nje ya Kakuma, akammiminia kidogo kikombeni.

Mama alinusa, akafumba macho, akatabasamu. Lokaale akashusha pumzi.

"Kibuyu kimefukizwa vizuri," mama akasema, akimrudishia kikombe. "Sasa maziwa yako wapi?"