Mwaka Ndogo Ilipoipita Kubwa

Wiki hiyo mtakwimu wa chama cha wakamuaji nazi alikuwa hashikiki. Alikuwa amevumbua jambo, au ndivyo alivyojiambia kila alipopita mbele ya kioo.

Alikuwa amepewa kazi ya kulinganisha nchi mbili za visiwa zinazoagiza mashudu ya nazi, yale makapi yanayobaki mbata ikishakamuliwa mafuta, chakula cha ng'ombe. Ya kwanza aliipa jina la Kubwa, ya pili Ndogo, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa. Kwenye mchoro wake, mstari wa buluu wa Kubwa ulianzia juu ukateremka mwaka hadi mwaka, kama mtu mwenye mgongo mbaya anayeshuka ngazi. Mstari mwekundu wa Ndogo ulianzia chini ukapanda bila haya. Katikati ya ukurasa mistari ikakatana.

Aliipenda nukta ile. Kuna wachumba aliowapenda kidogo kuliko hivyo. Aliizungushia duara, akaiandikia kichwa cha maneno: "Mwaka Ndogo Ilipoipita Kubwa", kisha akakisoma kwa sauti peke yake ofisini, mara mbili, na mara ya pili akiwa amesimama.

"Kwa hiyo hao ng'ombe wa huko ndio watakupa kazi ya kudumu?" mama yake alimuuliza asubuhi ya mkutano, akimnyoosha kola.

"Ng'ombe hao hao, mama."

"Basi wazidishiwe hamu ya kula."

Mama hakuwa anatania sana. Muda wa majaribio wa binti yake ulikuwa unamalizika, na mkurugenzi alishasema waziwazi: atamsikiliza akiwasilisha mbele ya wenye vinu vya kukamulia, halafu ndipo aamue kama anabaki au anakwenda.

Ukumbi ulijaa. Mtakwimu alianza vizuri. Alisema "mwelekeo", alisema "mageuzi ya soko", na alipofika kwenye duara lake akanyamaza kidogo, kama alivyojizoeza, ili watu wapate kushangaa. Wakashangaa kweli. Mkurugenzi alitikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu anayejipongeza kwa kuajiri vizuri.

Mama mmoja mwenye kinu akainua mkono. "Mwanangu, umenifungua macho. Mimi mzigo wangu wote huenda Kubwa. Nikuelewe kwamba sasa niuhamishie Ndogo?"

"Takwimu ndizo zinazosema hivyo, mama," alijibu, akizisingizia zisizokuwa na mdomo.

"Sawa. Hapo zilipokutana, kila moja ilikuwa inachukua tani ngapi?"

Swali jepesi. Aliweka kidole kwenye nukta, akakiburuta kushoto hadi kwenye mhimili wa Kubwa: tani elfu kumi na mbili. Akakirudisha, akakiburuta kulia, kwenye mhimili wa Ndogo: tani mia tatu.

Kidole kikabaki pale pale. Kilikuwa na akili kuliko mwenyewe.

Sasa akakumbuka. Siku ya kwanza mstari wa Ndogo ulikuwa umelala sakafuni mwa ukurasa, hauonekani kabisa. Akauonea huruma. Akauwekea mhimili wake wa pembeni, wenye vipimo vyake vidogo, kama mzazi anayemvalisha mtoto viatu vya visigino ili naye aonekane kwenye picha. Mchoro ukapendeza. Akaenda kunywa chai, akarudi, akamkuta mtoto ni mrefu, akapiga mbio kutangaza kwamba amekua. Alikuwa amejidanganya mwenyewe, na alifanya kazi hiyo kwa ustadi kuliko zote alizowahi kufanya chamani.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Angeweza kusema "nitakuletea tarakimu kamili baadaye, mama," na mkurugenzi angeendelea kutikisa kichwa hadi kazi ya kudumu. Mzigo wa mama yule ungekwenda kuoza kwenye bandari ya Ndogo, kwa ng'ombe ambao wangehitaji matumbo arobaini kila mmoja.

"Usihamishe kitu, mama," akasema. "Hazikukutana."

"Lakini naziona hapo."

"Unaziona kwa sababu nilizikutanisha mimi. Kila moja nimeipimia kwa rula yake."

Akachukua kalamu, akageukia ubao, akachora upya mihimili yote kwa kipimo kimoja. Mstari wa Kubwa ulishuka kweli, lakini ulibaki juu. Mstari wa Ndogo ukalala chini kabisa, umenyooka kama nyoka aliyekanyagwa na lori.

"Huyo ndiye aliyempita mwenzake?" mzee mmoja wa nyuma akauliza. "Alimpita usingizini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtakwimu naye akacheka, maana kitu kilichokuwa kinachekesha zaidi mle ndani kilikuwa yeye, na ingekuwa uchoyo kuwaachia wengine peke yao.

Watu walipotoka, mkurugenzi alibaki akiutazama ubao.

"Nilikuwa nimeshajiandaa kukuthibitisha leo," akasema.

"Najua, bosi. Nilikuona ukitikisa kichwa."

"Sikuthibitishi."

"Naelewa." Alianza kukusanya karatasi zake, zote, hata za kwenye droo ya meza ya ukumbini ambazo hazikuwa zake.

"Unakwenda wapi? Nimesema sikuthibitishi, sikusema nakufukuza. Nakuongezea miezi mitatu. Ungemwacha yule mama apakie mzigo wake, leo leo ungetoka na mkoba wako." Alielekea mlangoni, akasita. "Na jambo jingine. Mimi mwenyewe nilikuwa naliamini lile duara."

"Hata mimi, bosi," akasema. "Nililiamini kuliko wewe. Nilikisoma kichwa chake nimesimama."