Gauni la Kazini

Mtu asiniambie eti ni nguo tu. Nguo tu ni hiyo uliyovaa wewe.

Mama alipofariki alituachia, mimi na mdogo wangu, gauni lake la kazini: mfuko uliolegea kwa uzito wa mkasi, kiraka kila bega. Nalilowesha kwenye rangi nyepesi, nalikandamiza juu ya shuka jeupe, nalibandua taratibu, alama yake inabaki. Shuka likikauka naweka tabaka jingine, pembeni kidogo. Mfuko juu ya mfuko, bega juu ya bega, mpaka unamwona Mama anakatiza chumbani. Mara ya kwanza nililia hadi kwikwi.

Lilikuwa limebaki tabaka la mwisho. Tulikubaliana tutaliweka pamoja, kila mmoja ashike bega lake.

Jumatatu nikaenda kumwangalia shangazi aliyelazwa. Niliporudi nikafungua sanduku tunamolihifadhi. Lo! Gauni limekauka kama ubao.

"Umelifanya nini?"

"Dada, usianze." Hata macho hakuinua. "Hoteli wametaka mapazia yenye alama zile. Wanataka rangi nzito, ionekane kwa mbali. Nikatumia ya mafuta."

"Ya mafuta? Ya kupaka milango?"

Na ni mimi niliyemfundisha kwamba rangi nzito inaziba nyuzi, na nyuzi zikishaziba nguo haitoi alama tena. Alijua. Alijua vizuri sana.

"Kwani Mama ni wako peke yako?" akaniuliza.

Nilitaka kumzaba kibao, mkono ukagoma. Ni mama yake pia, na ndicho kilichoniuma. Mwizi wa nje angejuaje sanduku lilipo?

Alipotoka nikatandika shuka letu sakafuni. Moyo ulikuwa bado unabisha kwamba limeharibika. Nikalipaka gauni rangi yangu, nikalikandamiza kwa magoti na viganja, nikalibandua.

Mfuko haukutoka. Viraka havikutoka. Kulitoka bapa la rangi lisilo na mtu ndani yake, na kwenye mabega vidole vya mdogo wangu, vilivyoganda kwenye mafuta alipolishika kulianika. Bega hili mkono wake wa kulia, bega lile mkono wake wa kushoto.

Nimelisugua shuka kwa sabuni mpaka kucha zikauma. Wapi! Rangi yangu ile ikishaingia kwenye shuka haitoki. Niliichagua mwenyewe, ili Mama asifutike.