Dari ya Norman

Siku fundi alipokuja kuifunika dari ya Norman, nyumba ya Thelma Garbutt ilijaa watu kuliko siku ya maziko. Hakuna aliyealikwa. Lakini mtaani kwetu hapa Hull, Uingereza, gari la fundi plasta likiegeshwa mlangoni kwa mtu asubuhi, unachukua pakiti ya biskuti unakwenda kumjulia hali. Mimi nilikwenda na pakiti mbili, nikakamata birika na kuanza kuwapikia wote chai, ili mtu asiniulize nafanya nini pale.

Norman, mume wa Thelma, alikuwa fundi wa dari za nakshi. Zamani zile kila mtu alizitaka. Norman alipaka uji mzito wa unga wa dari, kisha akapitisha kitana kikubwa, akichora nusu duara zikipandana kama magamba ya samaki, bila rula wala kamba. Hakuna sebule mtaani ambayo mkono wake haukufika. Halafu mtindo ukabadilika, watu wakataka dari laini kama ganda la yai, na moja baada ya nyingine zikafunikwa, yangu ikiwemo. Norman alikuwa akipita anatusalimu vilevile, kama hajui. Mwishowe ikabaki moja tu, ya sebuleni kwake.

Sasa, unga ule wa zamani ulikuwa na asbesto, zile nyuzi zinazoua mapafu. Norman aliuchanganya miaka na miaka bila hata kitambaa puani, huku anapiga mluzi. Alipostaafu, kifua kikaja kudai chake. Majira ya baridi yaliyopita hakuweza tena kupanda ngazi, wakamtandikia kitanda sebuleni, akawa analala chali chini ya kazi yake mwenyewe. Siku moja nilikuwa nimempelekea uji, nikamsikia akimwambia mkewe, “Zote wamezifunika, Thel. Hii usiiguse.” Thelma akamwambia sawa mpenzi, hataigusa. Nilisikia kwa masikio yangu haya, na bila shaka kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia kwa masikio yangu hayo hayo.

Norman akafariki Aprili. Juni, fundi huyo mlangoni. Kwa hiyo tusidanganyane, biskuti zilikuwa kisingizio. Tulikwenda kuona kama kweli atafanya.

Thelma alinivuta jikoni akaniambia haiwezi sebule ile. Akikaa na kuinua macho, anaona kitu kilichomuua mumewe, tena kimechorwa vizuri. Akiinamisha macho, anasikia alivyomwahidi. Tangu mazishi alikuwa anakula amesimama, kando ya sinki. Nikamwambia aliyekufa haoni dari. Akanitazama mpaka nikarudi kwenye birika langu.

Fundi mwenyewe, Stathers, alikuwa pande la mtu mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Alitueleza kwamba hakwangui hata nukta moja, maana kukwangua ndiko kunakoirusha ile asbesto hewani. Alikuwa ameshaipaka dari gundi ili plasta ishike. Sasa angejaza mabonde ya nakshi kwa plasta ya kwanza, kisha apige ya pili ya kulainisha. Akachanganya ndoo ya plasta uani, akaingia nayo, akaweka ubao wake wa kusimamia. Plasta ikishalowa maji haimsubiri mtu, inaanza kuganda hapohapo.

Ndipo Avis akaingia. Huyu ni dada yake Norman, anakaa Withernsea, mji wa pwani, amekuja kwa basi. Nani alimwambia, sijui. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu.

Hakusalimu. Alisimama mlangoni na koti lake, akatazama juu, akatazama ndoo. “Wifi,” akasema, “hukuweza kusubiri hata maua ya kaburini yanyauke?”

Fundi akamwonea Thelma huruma, akataka kumsaidia.

“Msimlaumu mama,” akasema. “Amesubiri sana huyu. Alinipigia simu tangu Februari.”

Kwetu fundi plasta mzuri ana foleni, na asiye na foleni huyo usimpe kazi. Hilo kila mtu analijua. Lakini kila mtu pia alikuwa anahesabu miezi kichwani, na niliwaona nyusoni walivyofikia jibu mmoja mmoja.

“Februari,” Avis akasema polepole, “nilikuwa namlisha supu. Hapa hapa.”

“Ndiyo,” Thelma akasema. “Wewe ulikuwa unamlisha, mimi nilikuwa uani napiga simu. Fundi akaniambia foleni ni mpaka Juni. Nikaona Juni itafaa.” Alikuwa ameshika ukingo wa meza. “Nilipiga hesabu, Avis. Mtu yuko hai, ananiita nimgeuzie mto, mimi nimeshamhesabia siku zake. Wiki ileile ndiyo akaniomba nisiiguse. Nikamwambia sawa mpenzi, na jina langu liko kwenye foleni.”

Chai zilikuwa zinapoa mikononi. Hakuna aliyethubutu hata kuvunja biskuti.

Fundi, masikini, alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akachomeka mwiko kwenye ndoo, ukasimama wenyewe. Akasema kwa upole kwamba hii imeshaganda, ni ya kutupa. Anaweza kuchanganya nyingine. Au mama akipenda, anaosha vyombo vyake anakwenda zake, hana kinyongo. Gundi ikikauka haionekani, na nakshi itabaki kama ilivyokuwa.

Njia ya kurudi nyuma ikawa imefunguka, na sote tukamgeukia Thelma. Mimi nilikuwa naomba Mungu, ila sikujua naomba lipi.

Avis akakaa kwenye kiti kilichofunikwa turubai. Akashika mkono wa koti lake. “Hili nililinunua Januari,” akasema. “Kwenye punguzo. Nilichagua jeusi nikijua la nini.” Akauachia mkono wa koti. “Usinitegemee nikwambie fanya, wifi. Sitasema. Lakini jambo lile ulilisema uani, kwa kunong'ona. Kama unalitaka bado, liseme hapa, chini ya dari yake.”

Thelma akaenda kusimama katikati ya chumba, pale kilipokuwa kitanda. Akainua uso. Akayafuata magamba kwa macho, mstari kwa mstari.

“Changanya nyingine, fundi,” akasema.

Tukasikia mashine ya kuchanganyia ikinguruma uani. Fundi akaanzia upande wa dirisha, na mpigo wa kwanza wa mwiko ukameza magamba kadhaa kwa pamoja. Thelma alikataa kutoka. Matone yalimwangukia kwenye nywele na mabega, nikampelekea kitambaa, akanirudishia.

Alasiri kazi ikaisha. Dari ilikuwa nyeupe, bado ina unyevu, huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Sisi tukasema imependeza, kama watu wanavyosema. Thelma aliitazama kwa muda mrefu, kila pembe.

“Imependeza,” akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri mbele ya hakimu. Avis akainuka, akamshika kwapani.