Nywele Fupi Hazifichi Sikio

Msusi alipomwona wifi yake akipitia mlango wa nyuma wa saluni, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi na jua lenyewe kali vile, akajua kuna jambo. Mwenye nywele hajifungi hivyo.

"Funga mlango, wifi," yule mwanamke akanong'ona. "Na pazia."

Kitambaa kilipotoka, msusi nusura aangue kicheko. Zile nywele ndefu alizokuwa akiwarushia watu usoni kama mkia wa farasi, kwisha habari yake! Dawa ya kulainisha aliyopakwa huko kwenye saluni ya wakubwa ilikuwa imezila. Shungi hapa, upara kule, utadhani shamba lililoingiliwa na mbuzi.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni wa nyumbani," wifi akasema. "Jumamosi nafungua nyumba yangu mpya na ndugu zangu wote wanakuja. Hao wasusi wengine watanitangaza."

Wa nyumbani! Msusi akalimeza neno hilo kama kidonge bila maji.

Mama mkwe wake alipougua, ni yeye msusi aliyemwogesha, akamlisha, akamchana nywele mpaka mwisho. Bibi yule akatamka mbele ya wanawe wote: "Hereni zangu ni za huyu mkamwana wangu." Siku ya msiba hereni hazikuonekana. Na ni huyuhuyu wifi aliyesimama katikati ya waombolezaji akapaza sauti: "Nani alikuwa anashinda chumbani kwa mama? Mwulizeni mke wa kaka!"

Tangu siku hiyo, msusi akiingia kwa shemeji zake, mikoba huhama kutoka kwenye kochi kwenda mapajani. Mumewe alimtetea, akatetea, akachoka. Siku hizi hunyamaza tu, na kunyamaza kule ndiko kulikokuwa kunamla ini. Alimshuku wifi yake toka mwanzo, lakini shuku si ushahidi, na mwizi aliyekwisha kubatizwa jina hilo hasikilizwi.

"Kaa," akasema, akamfunga shuka shingoni.

Mashine ikanguruma. Akashusha pembeni mpaka karibu na ngozi, juu akaacha kidogo, akachonga ukingo kwa wembe taratibu kama anayekata kucha za mtoto.

"Wee! Mbona unayatoa masikio yote nje? Mimi nina masikio makubwa!"

"Nywele fupi sikio ndilo mlango wake, wifi. Nani anajenga nyumba akaziba mlango? Haya, umekuja na hereni gani tuone?"

Wifi akafungua kiboksi. Msusi akaanza kuchambua kama mchele wenye mawe. Zile pete kubwa za duara akazisukuma kando: uso wa mviringo, hereni za mviringo, itakuwa sahani juu ya sahani. Za fedha nazo zilimfifisha.

"Ngozi yako inataka dhahabu," akasema, macho yakiwa kwenye mkasi. "Ila si hii inayong'aa kama bati jipya. Ile ya zamani, yenye wekundu kwa mbali. Umbo refu, kama jani hivi, ikome kwenye taya. Ungekuwa malkia! Lakini wapi, siku hizi hazipatikani. Vaa tu hizi lulu. Hutapendeza sana, lakini watu watakuelewa."

Watakuelewa! Wifi akajitazama kwenye kioo. Mkono wake ukapanda, kwa mazoea, kuvuta nywele zifunike sikio, ukakuta ngozi tupu. Kisha akatabasamu, kama mtu aliyekumbuka alikoficha ufunguo.

Msusi akakung'uta shuka. Panya hafukuzwi shimoni, huandaliwa chambo.

Jumamosi wifi akawapokea wageni mlangoni, kichwa kimechongeka, kila mtu anamsifu. Masikioni zilining'inia hereni za dhahabu, umbo la jani, chini yake zimetiwa vijiwe vyekundu. Kazi ya sonara hiyo, ili macho yapotee. Na ndugu zake kweli walipotea. Walisifu, wakakaa, wakala.

Msusi akangoja wote watulie sebuleni. Ndipo akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia, watu wazima wote, kama watoto.

"Mapacha wangu walitoka dukani wazima, mmoja akang'atwa na mwenye jino moja."

"Hereni za mama!" Kaka mkubwa alimtangulia kila mtu, kitambi kikimtikisika kwa kicheko. "Na mwenye jino moja ni mimi! Nilikuwa mchanga mgongoni. Mama katutegea hicho mpaka tumeota ndevu!"

"Uling'ata wapi vile, shemeji?"

"Ncha ya jani. Pana kishimo, na..."

Kicheko kikamkatikia. Msusi hakunyoosha kidole. Alitazama tu, na wengine wakafuata macho yake. Mkono wa wifi ukaruka kuvuta nywele. Ukashika hewa, ukashika tena hewa.

Kaka mkubwa akavaa miwani, akainama, akalishika sikio la dada yake kama walipokuwa wadogo.

"Hili jino langu," akasema polepole.

"Mama... mama alinipa mwenyewe."

"Alikupa, halafu ukalia msibani kwamba zimeibwa?"

Hapo mume wa msusi akasimama. Alimtazama mkewe, akashindwa kumtazama zaidi. "Vua," akamwambia dada yake. "Vua umpe mwenyewe, na umwombe radhi mbele yetu kama ulivyomtukana mbele yetu."

Wifi akapeleka vidole sikioni.

"Aa, asivue!" msusi akasema, kwa upole kabisa. "Majirani bado wanakuja. Wifi yangu, kichwa hiki bila hereni hakipendezi, nilikwambia. Zivae mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Na kila atakayekusifu, mwambie umezitoa wapi. Mimi nakaa hapahapa nikusikilize."

Akasogea, akaketi kando yake kwenye kochi jipya. Kisha akauchukua mkoba wake mwenyewe uliokuwa katikati yao, taratibu, kila mtu anamwona, akauweka mapajani.