Komeo la Upande Wangu

Baada ya chakula cha mchana tunaruhusiwa kupumzika, kila mtawa chumbani mwake, nami najilaza na unga wa hostia, mikate ya misa tunayooka, bado umenigandia kwenye mikono ya kanzu, nikiwaza kwamba kesho naweka nadhiri za daima na sitatoka tena nje ya ukuta huu. Nafumba macho, na ukuta unachanika taratibu kama shuka kuukuu, nami niko barabarani, barabara isiyo na mwanzo. Kando yangu anatembea mwanamke aliyejifunika shela, na ndani ya shela hamna uso. Namuuliza tunakwenda wapi. Tunakwenda ulikotoka, anasema, ila utafika kama mgeni. Tunaingia mji wa vioo, na katika kila kioo nimo: hapa ni bibi harusi, pale nimebeba mtoto mgongoni, kule nafundisha hesabu, na wote wananiita kwa jina nililoliacha langoni, Nakiete, Nakiete, rudi. Redio zinaimba, simu zinalia, kila mtaa unaishia kwenye mtaa uleule. Naziba masikio, kelele zinapenya vidoleni. Kwenye kona anatokea kaka yangu Mbazi, aliyenisomesha ualimu na ambaye hajanikubalia tangu nilipoingia utawani. Ananishika mkono. Ananieleza kwamba mama analia, kwamba majirani wanasema tumemzika binti akiwa hai, kwamba gari linangoja. Anasema kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma. Yule asiye na uso ananiinamia. Sema samahani, ananiambia, na barabara itapata mwisho. Vioo vyote vinanyamaza vinisikilize. Nampenda kaka yangu, na najua neno hilo moja lingemrudishia usingizi, lakini silisemi. Nautoa mkono wangu mkononi mwake.

Sijafungiwa, kaka. Komeo la mlango wa utawani liko upande wangu. Mimi ndiye ninayelifunga kila jioni, na kesho nitalifunga tena.

Ananiuliza, Na huo ukimya unakupa nini, mdogo wangu? Namjibu, Kaa nami kimya kidogo, ndipo uniulize tena. Tunasimama hivyo, na vioo vinaanza kubaki vitupu, bibi harusi anaondoka, mwalimu anaondoka, mtoto anakwenda na mama yake, na hakuna anayelia.

Nafumbua macho: Mama Mkuu amesimama mlangoni pangu. Saa hizi hatuzungumzi, ila leo ananong'ona kwamba kaka yangu amefika, yuko chumba cha wageni, nyuma ya wavu unaotutenga na watu wa nje, na ameketi pale muda mrefu bila kusema neno. Nainuka. Natembea ukumbini, na sijui kama naenda kumjibu au nimeshamjibu, wala kama ninachokanyaga ni sakafu au ni ile barabara. Ikibidi nimjibu mara ya pili, nitamjibu vilevile.